KIKOHOZI CHA LEO, MOSHI WA JANA

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na klabu ya afya ya shule moja ya sekondari, Mbagala, wilayani Temeke. Tumeyafupisha kidogo. Mwishoni yapo maswali ya wanafunzi.

 

Najua Ijumaa mchana kila mtu anawaza kwenda nyumbani. Naomba dakika ishirini tu. Sikuja kuwatisha wala kuwahubiria. Nimekuja na hesabu moja, halafu jibu mtalitoa ninyi wenyewe.

Naanza na kisa cha nyumbani kwetu. Nilikuwa na shangazi, akikaa Tandika. Kazi yake ilikuwa kukaanga samaki na kuwauza jioni barazani. Shangazi hakuvuta sigara hata siku moja. Aliyevuta ni mume wake, tena chumbani, usiku, dirisha limefungwa kwa kuogopa mbu.

Siku moja kikohozi kikamwanza. Akaenda kupima. Makohozi hayakuonyesha vimelea vya kifua kikuu, lakini akaanzishiwa dawa za TB hivyo hivyo. Akameza dozi ya miezi sita bila kukosa. Kikohozi kiko pale pale, na mwili unapungua. Majirani nao wakaanza yao: huyu anasema ni UKIMWI, yule anasema karogwa na wenzake wa biashara. Mpaka alipokohoa damu ndipo akapigwa picha ya kifua, kisha vipimo vingine. Jibu likaja: saratani ya mapafu.

Jamani, nyumbani tulibisha! "Haiwezekani, mbona havuti sigara?" Hata mimi nilibisha, na nilikuwa chuo kikuu. Shangazi alikaa nasi miezi minne tu baada ya hapo, akafariki. Daktari hakuweza kutuambia kwa hakika ni moshi upi uliomdhuru, wa sigara ya mjomba au wa jikoni. Lakini alituambia neno moja ambalo sijalisahau: wagonjwa wa saratani hii wamebadilika, ila sisi bado tunamtafuta mgonjwa wa zamani.

Leo nataka tuzungumze kuhusu mabadiliko hayo.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Mwili umejengwa kwa chembechembe hai, au seli. Kwa kawaida seli huzaliwa, hufanya kazi na kufa kwa utaratibu. Saratani, au kansa, ni pale seli zinapokataa utaratibu: zinazaana ovyo, zinafanya uvimbe, kisha zinasafiri kwenda sehemu nyingine za mwili. Ikianzia kwenye mapafu tunaiita saratani ya mapafu. Haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kunywea kikombe cha mgonjwa wala kulala naye chumba kimoja.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani.

ZAMANI ULIKUWA UGONJWA WA NADRA

Mwaka 1919, huko Marekani, kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Alton Ochsner, aliitwa pamoja na wenzake kuangalia maiti ya mtu aliyekufa kwa saratani ya mapafu. Profesa wao aliwaambia waangalie vizuri, kwa sababu huenda wasiuone tena ugonjwa huo maishani mwao. Na kweli, Ochsner hakuuona tena mpaka mwaka 1936. Lakini mwaka huo aliona wagonjwa tisa ndani ya miezi sita! Akawauliza historia zao. Wote walikuwa wavuta sigara, na walianza kuvuta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mnaiona hesabu? Vita vilikwisha mwaka 1918, na wagonjwa wakaja miaka ya 1930. Saratani hii haina haraka. Kati ya sigara ya kwanza na ugonjwa hupita miaka 20, 30, hata zaidi. Kwa hiyo ukiona foleni ya wagonjwa hospitalini leo, ujue unaangalia maisha ya mtaani ya miaka thelathini iliyopita.

Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha utafiti uliofungua watu macho: wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavuta sigara kupita kawaida. Mwaka huo huo Ernst Wynder na Evarts Graham wa Marekani walipata jambo lile lile. Huyo Graham alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa mapafu na mwenyewe alikuwa mvutaji. Alikuja kuacha, lakini kwa kuchelewa. Mwaka 1957 alikufa kwa saratani ya mapafu.

MGONJWA ANABADILIKA SURA

Kwanza, wagonjwa walikuwa wanaume. Kule Ulaya na Marekani wanaume ndio waliotangulia kuvuta. Wanawake wakafuata miaka mingi baadaye, kwa kuambiwa na matangazo kuwa sigara ndiyo ujana na uhuru. Hesabu ikafanya kazi yake tena. Mwaka 1987 saratani ya mapafu iliipita saratani ya matiti kwa kuua wanawake wa Marekani.

Pili, aina ya saratani yenyewe ilibadilika. Zamani iliyoonekana sana ni ile inayoota kwenye njia kubwa za hewa, katikati ya kifua. Miaka ya 1950 sigara za kichungi zikaanza kutangazwa kana kwamba ni salama. Wavutaji wakawa wanavuta kwa nguvu na kuingiza moshi ndani zaidi. Leo aina inayoongoza duniani ni adenokasinoma, ambayo mara nyingi huota pembeni mwa mapafu. Huko pembeni inaweza kukua muda mrefu bila kukuletea hata kikohozi. Kwa hiyo anayekwambia "hii ina kichungi, siyo kali" anakudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa.

Tatu, na hapa ndipo alipo shangazi yangu, wamo wagonjwa wasiovuta kabisa. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alionyesha kuwa wake wasiovuta, lakini wenye waume wavutaji, walikufa zaidi kwa ugonjwa huu kuliko wake wa wasiovuta. Huko Xuanwei, nchini China, wanawake wengi wasiovuta waliugua kwa sababu ya kupika kwa makaa ya mawe ndani ya nyumba zisizo na bomba la kutolea moshi. Walipowekewa majiko yenye bomba, baada ya miaka ugonjwa ulipungua. Na mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa hewa chafu ya nje nayo inasababisha saratani.

Na kwa moshi wa kuni? Shirika hilo limeuweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Ushahidi wake si mzito kama ule wa sigara, lakini unatosha kutufanya tuangalie majiko yetu.

JE, HAPA KWETU?

Pale ufukweni mwa bahari, Dar es Salaam, kuna jengo la hospitali lililojengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Tangu mwaka 1996 ndiyo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ukienda pale utawakuta akina mama wengi, kwa sababu saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti ndizo zinazosumbua sana nchini. Saratani ya mapafu haiongozi kwetu kama inavyoongoza duniani, ambako mwaka 2022 ilikadiriwa kupata watu karibu milioni 2.5 na kuua milioni 1.8.

Msishangilie. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni njema: hatuvuti sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watu wazima kama 9 kati ya 100 walikuwa wakitumia tumbaku. Kwa wanaume ni kama 15, kwa wanawake kama 3. Ya pili si njema: wagonjwa wengine hawagunduliki. Kukohoa, kukonda, kutoka jasho na kukohoa damu ni dalili za TB pia, na TB kwetu ni nyingi. Mtu anatibiwa TB, anakufa, na jina halisi la ugonjwa wake halijulikani.

Sasa tazameni mitaani. Yule kaka mwenye boksi la sigara na karanga anayechezesha sarafu mkononi anauza moja moja, kwa hela ya mwanafunzi. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 18, lakini nani anauliza umri kijiweni? Hapa hapa Temeke, Barabara ya Nyerere, kiko kiwanda cha sigara. Tabora na Urambo kuna wakulima wanaosomesha watoto kwa tumbaku. Siwalaumu wanaotafuta riziki. Nasema tu kwamba katika nchi tajiri wavutaji wanapungua, na mfanyabiashara akipungukiwa wateja hutafuta wapya. Wateja wapya ni ninyi.

Mwenye miaka 15 leo, ongeza 30: ana miaka 45. Ana watoto wa sekondari kama ninyi. Foleni ya Ocean Road ya wakati huo inaanza kupangwa sasa, kijiweni Tandale, stendi Mbagala, nyuma ya choo cha shule. Nchi zilizotutangulia zilikosea kwa kutojua. Sisi tunajua.

MASWALI YA WANAFUNZI

Mvulana wa kidato cha tatu: Babu yangu amevuta miaka hamsini na bado anadunda. Inakuwaje?

Shikamoo yake kwa babu! Ni kweli, si kila mvutaji anapata saratani. Lakini hata anayevuka Barabara ya Kilwa amefumba macho, si kila siku anagongwa. Ukimwona mmoja aliyevuka, usiwasahau ambao hawapo leo wakusimulie. Tena sigara haiui kwa mapafu tu: inaua kwa moyo na kiharusi pia. Mwambie babu hajachelewa. Anayeacha, baada ya miaka kumi hatari yake ya saratani ya mapafu inashuka karibu nusu ya ile ya anayeendelea.

Mvulana wa kidato cha nne: Shisha si inapita kwenye maji? Maji yanachuja sumu.

Maji yanaupoza moshi, hayauondolei sumu. Kwa kuwa umepoa, unauvuta mwingi zaidi, tena kwa saa nzima, na moshi wa makaa yake juu. Kama ni kutafuta ujiko mbele ya rafiki zako, tafuta mwingine. Huo ni wa gharama.

Msichana wa kidato cha pili: Mama yangu anakaanga maandazi kwa kuni, ndiyo ada yangu. Nimwambie aache?

Asante, mdogo wangu. Hapana, usimwambie aache kazi. Msaidie kupunguza moshi. Jiko litoke ndani, likae uani penye upepo. Kuni ziwe kavu, maana mbichi zina moshi mwingi. Jiko sanifu au la bomba ni bora kuliko mafiga matatu. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni jikoni. Mkipata uwezo wa mtungi mdogo wa gesi, hata kwa chai ya asubuhi tu, ni hatua. Serikali nayo imeweka lengo kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Umeuliza swali ambalo sisi hatukumuulizia shangazi.

YA KUONDOKA NAYO

Usianze sigara. Kutoanza ni rahisi kuliko kuacha, muulize yeyote anayejaribu.

Nyumbani, mwombe mvutaji avutie nje. Kwa heshima: "Baba, shikamoo, nakuomba moshi usiingie chumbani kwa mtoto." Wengi wanawasikiliza watoto wao kuliko sisi wa mashirika.

Anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende kupima TB. TB inatibika. Lakini kama vipimo havikuonyesha TB, au amemeza dawa na kikohozi hakiondoki, msikae kimya. Rudini, ombeni picha ya kifua, ulizeni: "Daktari, inaweza kuwa kitu kingine?" Ni haki ya mgonjwa kuuliza, hata kama hajawahi kuvuta sigara.

Na mkisikia majirani wananong'ona juu ya mtu anayekonda, msinong'one nao. Mshikeni mkono mpeleke hospitali.

Sisi tulijifunza swali lile wakati shangazi keshazikwa. Ninyi mmelipata leo. Nendeni mkawaambie na wa nyumbani.