Kugawana Saa: Marubani wa Mashirika Madogo na Misimu ya Uhaba wa Abiria



Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka uliofuata, wa janga la UVIKO-19, walifika 620,867. Baina ya takwimu hizo mbili kuna hoteli zilizofungwa, waongoza watalii waliorudi kulima, na kundi moja dogo ambalo halikuzungumziwa sana: marubani wa mashirika madogo, wale wanaorusha ndege ndogo aina ya Cessna Caravan kutoka Arusha hadi Seronera huko Serengeti, kutoka Dar es Salaam hadi Mafia, kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi hadi Maasai Mara. Leo natetea hoja moja tu kuwahusu. Abiria wakiadimika, ni heri shirika dogo likapunguza saa za kila rubani kuliko kupunguza marubani wenyewe. Najua hoja hii ina sauti ya huruma. Nitaonyesha kwamba msingi wake ni hesabu.

Rubani anakopatikana

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani wa biashara inadai saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyepitia chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Pengo la hapo katikati ni refu, na chuo hakiwezi kulijaza, kwa sababu hakuna mzazi wa kawaida anayeweza kununua saa elfu moja na mia kadhaa za ndege.

Kwetu linajazwa na mashirika madogo. Huko ndiko kijana anakojifunza kutua kwenye kiwanja cha vumbi baada ya mnyama kufukuzwa njiani, kusoma upepo wa adhuhuri, kupakia mizigo ya wageni bila kuvuka uzito, na kumkatalia mteja mwenye fedha pale wingu linapokataa. Shirika kubwa humpokea akiwa ameshaiva. Halikulipia kuiva kwake. Aliyelipa ni familia yake, mara nyingi kwa mkopo au kwa kiwanja kilichouzwa, pamoja na shirika dogo lililomvumilia alipokuwa mgeni wa kazi.

Kwa hiyo rubani wa Caravan anapoachishwa kazi, ngazi imekatwa sehemu ambayo kila anayepanda lazima aikanyage. Athari hazionekani mwaka huohuo. Huonekana pale wenye ndege kubwa wanapotafuta watu wasiwapate.

Kwa nini panga huangukia mshahara

Tusimlaumu meneja kabla ya kumwelewa. Shirika la ndege za safari hupata sehemu kubwa ya fedha zake kati ya Juni na Oktoba, kisha tena kuanzia Desemba hadi Februari. Masika yakija, kambi nyingi za porini hufungwa na ndege hulala. Akiba ya msimu mzuri ndiyo inayovusha msimu mbaya, na akiba hiyo si kubwa.

Sasa fikiria msimu mbaya usio na tarehe ya mwisho. Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020, ikarejesha zile za ndani tarehe 15 Julai na za kimataifa tarehe 1 Agosti. Tanzania ilifunga anga Aprili na kuifungua Mei 18, lakini anga ikifunguliwa haina maana kwamba mtalii wa Ujerumani au Marekani amepata ruhusa, ujasiri na ndege ya kumleta. Katika miezi hiyo mafuta hayakuwa tatizo, kwa kuwa ndege iliyoegeshwa hainywi mafuta. Kodi ya ndege na bima, ambazo kwa kawaida hulipwa kwa dola, ziliendelea kudai. Gharama kubwa ambayo meneja angeweza kuigusa kwa kalamu yake mwenyewe ilikuwa mishahara.

Wala janga la 2020 halikuwa la kwanza. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliwafukuza watalii, na mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mwaka 2013 na Mpeketoni mwaka 2014 yaliiumiza pwani ya Kenya kwa muda mrefu. Sekta inayopigwa mara kwa mara namna hii haiwezi kuita kila pigo ajali. Inapaswa kuwa na utaratibu.

Somo la Marekani

Nchi yenye mfano ulioandikwa vizuri zaidi wa gharama ya kuwapoteza marubani ni Marekani. Kule mashirika makubwa hayaendeshi yenyewe safari nyingi za kwenda miji midogo. Huyakodi mashirika ya kikanda, ambayo hurusha ndege zilizopakwa rangi za shirika kubwa lililouza tiketi. Mpango huo humpa mkubwa uhuru: abiria wakipungua, anakata mkataba, na msiba unahamia kwa mdogo. Trans States ilifunga shughuli tarehe 1 Aprili 2020 na Compass siku chache baadaye. Zote mbili zilikuwa tayari zinapoteza mikataba. Janga liliharakisha kifo chao. ExpressJet iliacha kuruka mwishoni mwa Septemba, baada ya United kuamua kazi yake ipewe shirika lingine.

Machi 2020 Bunge la nchi hiyo lilipitisha msaada wa mishahara wa dola bilioni 25 kwa mashirika ya abiria, kwa sharti kwamba yasiachishe watu kazi kwa lazima hadi Septemba 30. Msaada huo uliongezwa baadaye. Lakini haukuwafaa waliokuwa kwenye mashirika yaliyokwisha kufa. Na rubani wa Marekani anayehama shirika hahami na ukongwe wake: huanza mwisho wa orodha, hata akiwa kapteni wa miaka 15. Orodha hiyo ndiyo inayoamua nani anapata njia gani, ndege gani na likizo lini, na siku ya kupunguzwa, wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka.

Wakati huohuo mashirika makubwa yaliwashawishi wakongwe wastaafu mapema. Delta peke yake iliagana na marubani wapatao 1,800 kwa njia hiyo. Abiria walirudi haraka kuliko ilivyotazamiwa. Mashirika makubwa yakachota marubani kutoka ya kikanda, na ya kikanda yakakuta nyuma yao hakuna mtu. Sheria iliyotungwa baada ya ajali ya ndege ya Colgan karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, ilikuwa imepandisha kiwango cha rubani msaidizi hadi takriban saa 1,500, hivyo mbadala hakupatikana kwa miezi michache. Machi 2022 SkyWest, mojawapo ya mashirika ya kikanda, ilitoa taarifa ya kujiondoa katika miji 29 midogo iliyokuwa ikipata huduma kwa ruzuku ya serikali, ikitaja uhaba wa marubani. Miezi mitatu baadaye mashirika ya kikanda yaliyo chini ya American yalipandisha malipo ya rubani msaidizi mpya hadi dola 90 kwa saa. Kilichookolewa kwenye mishahara mwaka 2020 kililipwa tena mwaka 2022, na sehemu ya deni ililipwa na wakazi wa miji isiyo na ndege.

Hesabu ya siku 90

Ujuzi wa rubani una tarehe. Ili abebe abiria lazima awe amepaa na kutua walau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Lazima apimwe ustadi kila baada ya muda, na cheti chake cha afya kihuishwe. Leseni haifi siku ya 91, lakini kadiri miezi inavyopita ndivyo gharama ya kumrudisha inavyopanda, na mtu asiye na mshahara ndiye anayetakiwa kuilipa. Wengi hawalipi. Hufungua duka, huendesha teksi, huhamia nchi nyingine.

Chukua shirika la kufikirika lenye marubani 20, na saa zake zimeshuka nusu. Njia ya kwanza ni kuwaachisha 10. Wanaobaki wataruka kama kawaida; walioondoka watachakaa. Njia ya pili ni wote 20 kuruka nusu na kulipwa nusu. Jumla ya mishahara haibadiliki. Kinachoongezeka ni vyeti 10 vya afya, vipimo 10 vya ustadi na bima zao. Upande wa pili wa mizani kuna kutafuta watu 10 wapya, kuwafundisha aina ya ndege na viwanja vyake, na kuwaweka kando ya kapteni hadi waaminike, huku wateja wakisubiri.

Na saa zikishuka karibu na sifuri, kama Aprili 2020? Hapo kugawana hakutoshi kumlisha mtu. Lakini mizunguko mitatu ya kiwanja kwa Caravan haifiki saa nzima. Kuhifadhi ujuzi ni rahisi kuliko kuhifadhi mshahara, na mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Pingamizi na mapendekezo

Mwenzangu mmoja wa uchumi ameniuliza: kwa nini rubani apewe upendeleo kuliko mpishi wa kambi au nahodha wa boti? Swali ni la haki. Mpishi aliumia sawasawa, pengine zaidi. Tofauti ni kwamba mpishi akikaa mwaka bila kazi bado anaruhusiwa kupika.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, afichue sababu na ashauriane juu ya hatua za kuepusha au kupunguza madhara. Mara nyingi mashauriano hayo huishia kwenye kiinua mgongo: siku 7 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka 10. Kwa rubani wa miaka mitatu hizo ni siku 21.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika mashauriano hayo mwajiri wa marubani alazimike kuweka mezani mpango wa kugawana saa, na akiukataa aeleze kwa tarakimu. Pili, mashirika yachangie mfuko mdogo katika msimu wa neema, kwa kiasi fulani kwa kila tiketi, utakaolipia vyeti vya afya, vipimo vya ustadi na mizunguko ya kiwanja kwa aliyesimamishwa. Tatu, mkataba unaomtaka rubani arejeshe gharama za mafunzo akiondoka mapema ufutike pale anayevunja ajira ni mwajiri.

Mwaka 2022 Tanzania ilipokea tena watalii 1,454,920. Mtalii huahirisha safari, kisha huja. Shirika linalojua kwamba atakuja halina sababu ya kuwatawanya watakaompeleka Serengeti.

 Ninakaribisha maswali, hasa ya mameneja.