Mtoto Akiuliza, "Mbona Mungu Hakunijibu?"

Somo kwa wazazi na walimu wa shule ya Jumapili, lililotolewa katika semina ya maadhimisho ya ushirika wetu

 

 Nimeombwa nifundishe namna ya kuwalea watoto wetu wauamini mpango wa Mungu. Tutaangalia mambo ya kila siku tu, kwa sababu imani ya mtoto inapimwa kwanza hapo. Inapimwa siku mvua imeharibu safari ya shule. Inapimwa siku jina lake halikusomwa kwenye kwaya ya watoto, au siku kifaranga chake alichokilea mwenyewe kimekufa.

Kwetu watu wazima hayo ni madogo. Kwa mtoto wa miaka 7 ndiyo dunia yenyewe. Aliomba, akafumba macho, akasema amina. Halafu haikuwa. Anakuja anakuuliza: "Mama, mbona Mungu hakunijibu?"

Wengi wetu tunajibu haraka: "Nyamaza, huo ni mpango wa Mungu." Neno hilo ni la kweli kabisa. Lakini likisemwa kabla ya wakati wake linamziba mtoto mdomo. Akizibwa mara nyingi, atakua akidhani Mungu ni wa kunyang'anya watu vitu, tena hataki kuulizwa. Mtoto huyo akifika umri wa kujiamulia, anaweza kuacha ibada kimyakimya, na sisi tukabaki tunajiuliza alipotelea wapi.

1. Yusufu alilia shimoni

Tusome habari za Yusufu polepole. Katika Mwanzo 37 ana miaka 17. Anaposimama mbele ya Farao, sura ya 41, ana miaka 30. Katikati hapo kuna shimo, utumwa, kusingiziwa, gereza, na mnyweshaji aliyemsahau miaka 2 mizima. Ongeza miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa, ndipo unafika sura ya 45, anapowaambia ndugu zake kwamba Mungu ndiye aliyemtanguliza Misri ili kuokoa maisha ya watu. Ni kama miaka 22 tangu auzwe!

Sasa angalieni ni nani aliyesema maneno hayo. Ni Yusufu mwenyewe. Siku ile ya shimo hakuna aliyesimama juu akamwambia, "Acha kulia, utakuwa mkubwa Misri." Na alilia kweli. Mwanzo 42:21 ndugu zake wanakiri kwamba aliwasihi kwa uchungu nao hawakumsikiliza. Hata gerezani hakukaa kimya. Alimwambia mnyweshaji waziwazi kwamba aliibwa kutoka nchi yake na hakutenda kosa, akamwomba amtaje kwa Farao. Alilia, alidai haki yake, na bado Mungu alikuwa pamoja naye.

Basi mzazi, usimpe mtoto mwisho wa hadithi wakati yeye yuko mwanzoni. Msimulie habari za Yusufu zote, ahesabu ile miaka mwenyewe kwa vidole, halafu mwambie: "Hata sisi hatujafika sura ya 45. Tuko njiani, na Mungu yuko pamoja nasi hapa tulipo."

2. Mwache aseme kwanza

Katika Zaburi 13, Daudi anamuuliza Mungu mara 4 mfululizo atangoja mpaka lini. Hakuadhibiwa. Zaburi hiyo inaishia kwa tumaini, lakini inaanza na malalamiko. Sisi tunataka watoto wetu waanzie mwishoni!

Tena tazameni Yohana 11. Bwana Yesu alijua atamfufua Lazaro, alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi. Hata hivyo alipomwona Mariamu analia, naye alilia. Kama Yeye aliyeujua mpango wote alilia kwanza, mimi na wewe tusioujua tuna haraka gani?

Kwa hiyo mtoto akija na uchungu wake, keti chini, uwe kimo chake. Muulize, "Umeumia sana, eti?" Kisha mwambie amweleze Yesu hivyohivyo kwa maneno yake, bila kupamba. Maombi ya namna hiyo yanamfundisha kwamba Mungu anasikia hata mtu mwenye hasira.

3. Tusimsingizie Mungu

Hapa wapendwa nitasema na sisi wazazi. Ulimwahidi mtoto viatu vya sikukuu. Pesa ulikuwa nayo, ukaitumia kwa jambo lingine. Siku imefika, unasema, "Mungu hakupanga." Jamani! Sema ukweli: "Mwanangu, nilikuahidi, sikutimiza, nisamehe. Tutapanga upya." Hapo umemfundisha toba, na umelilinda jina la Mungu moyoni mwake.

Vilevile kuna maumivu ambayo hayahitaji somo la subira. Mtoto akikwambia kuna mtu anamuumiza au anamgusa vibaya, awe ni ndugu, mwalimu, au hata mtu anayeheshimika kanisani, usimwambie avumilie mpango wa Mungu. Dhambi ya mtu si mpango wa Mungu wa kufunikwa. Msikilize, mwondoe kwenye hatari, mpeleke hospitali kama ameumia, toa taarifa kwa wanaohusika. Mtoto atamwamini Baba wa mbinguni kwa urahisi zaidi akiona wazazi wa duniani wanamlinda.

4. Njia ikifungwa, tutafute hatua inayofuata

Ushirika wetu unajua habari za mipaka. Basi Matendo 16 ni sura yetu. Paulo na wenzake walitaka kuhubiri Asia, Roho akawakataza. Wakajaribu kuingia Bithinia, hawakuruhusiwa. Biblia haisemi walipewa sababu. Wakashuka mpaka Troa, na huko usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia akiomba msaada. Wakavuka. Huko Filipi Lidia akaamini, na nyumba yake ikabatizwa. Na hukohuko walipigwa na kufungwa gerezani. Kwa hiyo tusiwadanganye watoto kwamba mlango wa Mungu ukifunguka kila kitu kinakuwa laini.

Tunao watoto ambao mama anafanya biashara upande mmoja wa mpaka, na wao wanaishi na bibi upande wa pili. Mtoto ameomba mama aje Jumamosi. Jumamosi imefika, simu inasema, "Sijapata nauli, nitakuja mwezi ujao." Bibi, usikimbilie kuhubiri. Mshike mkono. Mwombeeni mama pamoja. Kisha muulize, "Leo tufanye nini?" Labda arekodi sauti amtumie mama, labda achore picha ya kumwekea. Paulo hakujua habari za Makedonia alipozuiwa. Alijua tu hatua ya kwenda Troa. Mtoto naye mpe Troa yake, hatua moja ya leo.

5. Daftari la nyumbani

Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza tuwafundishe watoto tukiwa tumeketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiamka. Yaani kwenye daladala, kwenye matatu, jikoni, kwenye foleni ya maji.

Nunueni daftari la kawaida. Jioni, kila mtoto aseme jambo moja lililomuudhi na jambo moja analoomba. Andikeni na tarehe. Kila mwisho wa mwezi fungueni, mbele ya kila ombi muandike: ndiyo, hapana, au bado. Msiogope kuandika "hapana", na msibuni sababu ambazo Mungu hakuwapa. Mzazi naye aandike ya kwake. Waswahili husema subira huvuta heri, lakini mtoto anaiga subira anayoiona. Ukitukana barabara nzima kwa sababu gari limeharibika, umeshafundisha somo la siku hiyo.

Miaka ikipita, mtoto atarudi kwenye kurasa zile na kusoma mwenyewe. Ipo siku atasema kwa kinywa chake, kama Yusufu, kwamba Mungu alikuwapo. Ushuhuda huo hautatikisika, kwa sababu hakuazimwa na mtu.

Tusimame tuombe. Mwenye mtoto karibu, mwekee mkono begani.

Baba, tunawaleta watoto hawa, wa pande zote za mpaka. Utupe masikio ya kuwasikiliza, ujasiri wa kuwalinda, na ukweli midomoni mwetu. Wanapongoja, waone kwamba hawangoji peke yao. Katika jina la Yesu. Amina!