Kadhi na Sanduku la Kura

Kila kiti cha Kadhi Mkuu wa Kenya kinapobaki wazi, barazani husikika hoja ile ile: kwa nini kadhi wetu ateuliwe na Tume ya Huduma za Mahakama, ilhali sisi Waislamu twaweza kumpigia kura? Mwenzangu mmoja chuoni ameipamba hoja hii kwa mfano wa Marekani, ambako majimbo mengi huwachagua majaji wao kwa kura.

Natuanze na mtu ambaye angekuwa mgombea. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa wa 1891, alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, kijarida cha Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kisha ikaja Al-Islah, 1932. Nimezisoma tena na tena makala zake zilizokusanywa katika Uwongozi, na kila mara nastaajabia ujasiri wake. Aliwakemea waliopuuza elimu, walioiga kila la Wazungu, waliong'ang'ania bidaa. Na waliokemewa ni majirani zake, watu aliosali nao safu moja. Nani angempa kura? Akawa Kadhi wa Mombasa 1932, na Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi kufa kwake 1947. Iliyomteua ni serikali ya mkoloni, na hapo mwenzangu ana haki ya kunibana. Ila namuuliza: kura za mtaa zingetupa nani badala yake?

Amtazame pia Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Mzanzibari, aliyeteuliwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968. Kwenye kampeni angeitwa mgeni siku ya kwanza. Mwaka uliofuata ikatoka Qurani Takatifu, tafsiri yake ya Kiswahili.

Nilipokuwa kijana nilimsindikiza bibi yangu kwa kadhi, kesi ya urithi wa nyumba ya Mji wa Kale. Mdaiwa alikuwa mtu wa kauli mtaani. Akikohoa, watu mia huitikia. Kadhi hakumtazama usoni. Aliuliza tu: "Kati ya marehemu hawa wawili, nani alitangulia kufa?" Jibu lilipopatikana, mafungu yakabadilika yote, bibi akapata thumuni yake ya ujane, na yule bwana akatoka amenuna. Kadhi anayesubiri uchaguzi wa mwaka ujao angeuliza swali lile kwa sauti ile? Labda wapo ambao wangethubutu. Mimi sitaki haki ya mjane itegemee labda.

Na kura, kwa kweli, tunayo. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inataka wadaawa wote wawe Waislamu na wakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Kwa hiyo kadhi asiyeaminika hukimbiwa.

Kasoro ya uteuzi naikubali: umma haujui anayeteuliwa anafikirije. Dawa yake ni kalamu. Al-Amin aliandika, mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui aliandika, Farsy aliandika. Mombasa iliwajua kabla ya kuhukumiwa nao. Kwa hiyo naiomba Tume: kila anayeomba ukadhi alete makala alizoandika kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa kawaida, zichapishwe, tuzisome na kuzipinga hadharani kabla hajaapishwa.