Jiografia Kidato cha Tano: Tuchague kwa Kujua

Maneno ya Afisa Habari kwa wazazi na wanafunzi wa kidato cha nne, Kata ya Mandewa



Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipojaza fomu ya kidato cha tano, niliandika Historia, Jiografia na Kiswahili. Wenzangu waliniambia kwamba Jiografia ni somo la kukariri. Nyumbani sikuuliza, wala sikuulizwa. Moyoni nilitaka kuwa mpima ardhi. Nilipomaliza kidato cha sita ndipo nilipotambua kuwa fani hiyo hudai Hisabati, nami nilikwisha kuiacha. Kazi ya habari naipenda, lakini sikuifikia kwa kuichagua.

Jiografia ya kidato cha tano na sita haikaririki. Mwanafunzi hujifunza kusoma ramani na picha, kuchambua takwimu na kupima ardhi; tena hujifunza miamba, hali ya hewa, kilimo, nishati na ongezeko la watu. Mifano ipo hapa kwetu Singida. Kwa nini maji ya maziwa ya Singidani na Kindai ni ya chumvi? Kwa sababu hayana mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, chumvi hubaki. Kwa nini alizeti hustawi kwetu kuliko mazao yanayodai mvua nyingi? Kwa nini mashamba ya Mandewa yanageuka viwanja, na nani apange barabara na mifereji kabla nyumba hazijajengwa? Hayo ndiyo maswali ya Jiografia.

Basi jambo kubwa ni masomo yanayofuatana nayo, yaani tahasusi. Fizikia, Jiografia na Hisabati (PGM) humwelekeza kijana kwenye upimaji ardhi na uhandisi. Kemia, Biolojia na Jiografia (CBG) humfaa anayelenga kilimo, misitu au mazingira. Uchumi, Jiografia na Hisabati (EGM) hufungua njia ya takwimu na mipango. Historia, Jiografia na Kiingereza (HGL) huwafaa wengi wanaotaka ualimu au sheria. Somo ni lile lile, lakini milango ni tofauti. Tena mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya, hivyo uchaguzi umekuwa mpana zaidi na kuuliza kumekuwa muhimu zaidi.

Wazazi wenzangu, tangu mwaka wa fedha 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali imefutwa. Hata hivyo sare, nauli na mahitaji ya bweni bado ni mzigo wetu. Ni hasara kuubeba mzigo huo miaka miwili kwa njia ambayo mtoto hakuikusudia.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mtoto aseme kazi anayoitamani kabla ya kutaja masomo. Pili, mketi na mwalimu wa taaluma mtazame alama zake za Hisabati na sayansi kwa ukweli. Tatu, matokeo yakitoka, msikae kimya: Serikali hutoa muda wa kubadili tahasusi kwa njia ya mtandao, na muda huo ni mfupi.

Waliosema kuuliza si ujinga hawakukosea. Mimi sikuuliza. Ninyi ulizeni.