Uvira inapiga kura, lakini meya hayuko kwenye mashini

Maneno yetu mbele ya vijana wa Songo

Wandugu na wadada, vijana wa Songo, na nyinyi mliotoka Kalundu na Kavimvira kwa miguu na hili jua, karibuni. Hatutawachelewesha.

Kuna neno tunalisikia kila uchaguzi ukiisha: "Watu wa Uvira wanapiga kura kikabila, njo maana hatuendelei." Wazee wanalisema, na sisi wenyewe tunalirudilia tukikaa kwa wamotari. Ni nusu ya kweli. Tunataka kuongelea ile nusu ingine.

Tuanze na urais. 2006, Sud-Kivu ilimpa Joseph Kabila zaidi ya 90% ya kura, mizunguko yote miwili. Kwa 90% hakuna kabila inayoweza kusema "ni sisi". Watu walikuwa wametoka kwa vita, wakamuona kama mtu wa amani, tena mtu wa Kiswahili, mbele ya Bemba mtu wa upande wa Lingala. Kufika 2011, Vital Kamerhe akasimama. Mtoto wa jimbo, tena aliachia kiti cha rais wa Bunge 2009 kisha kulalamikia kuingizwa kwa jeshi la Rwanda. Akamkatia Kabila kura nyingi sana hapa kwetu. Miaka mitano tu, na watu waligeuka. Mtu anayepiga kura kwa damu hageuki hivyo.

Sawa, mtasema Kamerhe alikuwa wa nyumbani. Daktari Mukwege naye ni wa nyumbani, na ana Nobel ya 2018 mkononi. 20 Desemba 2023 hakufikisha 1% nchi nzima, wakati kura za Sud-Kivu peke yake zingetosha kumpitisha hapo. Tulimpigia makofi, kura tukapeleka kwingine.

Kwa madepite ndiyo kabila inaingia, tusidanganyane. Kila familia iko na kandida wake, kila kandida iko na fulana zake na soda zake. Lakini angalieni pia hesabu. Tangu 2017 sheria inataka orodha ifikishe 1% ya kura za nchi nzima, ndipo ihesabiwe kwa kugawa viti vya Bunge la taifa. Nchi nzima, si Uvira! Kijana anayesimama peke yake hapa Mulongwe, hata avenii zote zimpende, hawezi kufika hapo. Kwa hiyo anatafuta kundi kubwa, na kundi kubwa mara nyingi liko karibu na mwenye kiti Kinshasa. Halafu tunashangaa mji wote umevaa rangi moja.

Sasa tufike kwa kitu chenyewe.

Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika, watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Nani alipashwa kusema hapa pasijengwe, huu mfereji uzibuliwe? Kipindupindu kinaporudi, tunagonga mlango wa nani? Kodi ya soko inayokusanywa kila asubuhi kwa mama muuza ndagala, tumuulize nani imeenda wapi? Si rais. Si depite, ambaye kazi yake ni sheria. Ni meya na burugumestre. Na hao wawili hatujawahi kuwachagua.

Sheria iko wazi: sisi tunachagua washauri wa komine, hao wanachagua burugumestre na washauri wa mji, na washauri wa mji wanachagua meya. 2023 CENI ilifanya uchaguzi wa komine, lakini kwa miji mikuu ya majimbo tu. Bukavu, Ibanda na Kadutu na Bagira, wakapiga. Sisi Uvira tukaambiwa tungoje. Meya wetu anateuliwa toka Kinshasa, na mtu anaangalia kule kulikotoka barua yake.

Njo sababu depite amekuwa kila kitu kwetu: wa barabara, wa maji, wa kilio, wa kutoa mtu kwa kachoti. Mama mmoja wa hapa Songo alituambia hivi: alimpigia mtu wa kwao kwa sababu siku ya msiba huyo anaweza kupokea simu. Tulikuwa tumekuja na somo letu juu ya ukabila. Tukalikunja. Huyo mama hana konseye wa kuita, alitafuta aliye karibu.

Hatusemi uchaguzi wa komine utaondoa kabila. Inawezekana hata komine zigawanyike vibaya zaidi, na kati yetu wengine wanaogopa hilo, tumebishana usiku mzima. Lakini mshauri anayelala kartiye moja na wewe, unamkuta asubuhi kwa bomba na bidoni yake.

Barua kwa CENI na kwa madepite wetu iko pale mezani. Ina swali moja: Uvira itapigia komine zake siku gani? Tunataka tarehe, si ahadi. Someni kwanza, asiyekubali asitie saini. Peni ziko mbili tu, mpeane.