Usingizi Ni Sehemu ya Masomo

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Msimu wa mitihani ukikaribia, iwe ni KPSEA ya Gredi ya 6, KJSEA ya Gredi ya 9 au KCSE, kuna nyumba ambazo taa hazizimwi. Mtoto anakesha hadi saa sita usiku, na saa tisa anaamshwa tena asome. Mzazi huona hiyo ndiyo bidii. Mama, hapo tunamwumiza mtoto.

Anaposoma, ubongo hupokea. Anapolala, ubongo huyapanga na kuyahifadhi aliyosoma. Kumnyima usingizi ni kama kutia maji kwenye pakacha. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Majani mengi ya chai, kahawa au vinywaji vya kufukuza usingizi haviwezi kuchukua nafasi ya saa hizo.

Utaniuliza, “Sista, sasa atasoma saa ngapi?” Asome mapema, jioni, na asome kidogo kila siku badala ya kurundika yote wiki ya mwisho. Kila baada ya nusu saa apumzike dakika 5. Mdogo afunge kitabu kabla ya saa tatu usiku, na wa sekondari saa nne. Gawa kazi za nyumbani pia. Si haki msichana ateke maji na kuosha vyombo huku kakake ameketi na kitabu.

Hata kama wewe hukusoma sana, unaweza kumsaidia. Shika kitabu chake, umwambie akueleze alichosoma bila kutazama, hata kwa lugha ya nyumbani. Akikwama, arudi asome hapo alipokwama. Kukumbuka hivyo hukaza somo kichwani kuliko kusoma ukurasa mmoja mara tano.

Asubuhi asitoke na njaa. Uji na yai au kiazi kitamu vinatosha. Kwa chakula kingine mpe omena, maharagwe, ndengu na mboga za kienyeji, kwa sababu vina madini ya chuma yanayojenga damu. Chai asinywe pamoja na chakula hicho. Angoje kama saa moja, kwani chai huzuia mwili kupata madini hayo. Mtoto aliyepungukiwa na damu huchoka upesi na hawezi kutulia kwenye somo. Waangalie zaidi wasichana walioanza hedhi, na uwawekee sodo mapema, ili siku ya mtihani isiwakute bila.

Kama mnatumia koroboi, fungueni dirisha, maana moshi wake huumiza macho na kifua. Na mtoto akipata homa, usimnunulie dawa dukani kwa kukisia. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria.

La mwisho ni ulimi wetu. Usimwambie mtoto, “Ukianguka usirudi hapa.” Watoto wengine huyabeba maneno hayo hadi yakawalemea. Ukiona hali wala halali, anajitenga, au anasema afadhali asingekuwepo, usimkemee wala usimwache peke yake. Keti naye, msikilize, na umlete kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwambie leo, kabla ya matokeo, kwamba atabaki kuwa mtoto wako. Kisha mzimie taa alale.