MULIMA WA MUNGU NA MWENZAKO ALIYE NYUMA

Masomo: Muhubiri 4:9-12, 1 Wafalme 19:1-21, Matayo 5:13



Hapa Kolwezi, kila Mwezi wa Kwanza makanisa mengi yanapokea neno la mwaka. Mara nyingi neno lile ni moja tu: kupanda. Mwaka wa kupanda, mwaka wa kuinuliwa. Tunaruka, tunashangilia, tunasema Amina. Mimi pia ninasema Amina, kwa maana Mungu wetu anainua masikini kutoka mavumbini (1 Samweli 2:8). Lakini leo ninawauliza neno moja: wakati unapanda, unaacha nani nyuma?

Kuko mulima mumoja katika Tanzania, upande wa kaskazini, karibu na ziwa Natron. Unaitwa Ol Doinyo Lengai. Kwa luga ya Wamasai, maana yake ni Mulima wa Mungu. Urefu wake ni karibu metre 2 900, na ni mulima wa moto; ulilipuka kwa nguvu mwaka wa 2007 na 2008. Kisha mukutano wa wachungaji Arusha, mimi na wandugu watatu niliosoma nao chuo cha Biblia tulibeba mizigo mugongoni, tukaenda kule. Niliona mambo matatu.

1. Si kila kitu cheupe ni chumvi

Ukiangalia pembeni ya ziwa lile kutoka mbali, unasema: hii ni chumvi. Inchi ni nyeupe, jua inawaka juu yake, ganda linavunjika chini ya viatu. Lakini ni magadi, na maji yake yanaunguza macho. Juu ya mulima ni vilevile. Ukiwa mbali unaona weupe, unafikiri ni theluji. Sivyo. Moto wa mulima ule unatoka mweusi, unatiririka kama mafuta ya motokari, kiisha ukipata hewa na unyevu unageuka kuwa mweupe.

Wandugu, sisi watu wa Katanga tunajua chumvi. Kabla ya Wazungu kufika, watu walifanya biashara ya shaba na ya chumvi ya Mwashya, kule kwenye bonde la Lufira. Mutu anayejua chumvi hanunui kwa macho, anaonja. Na Yesu hakuuliza rangi ya chumvi, aliuliza ladha yake. Shati lako jeupe la siku ya Mungu, sisi wote tunaliona. Ladha yako inajulikana na bibi yako, na watoto wako, na mutu anayekufanyia kazi na kungojea mushahara.

2. Moto si Mungu

Eliya alipanda mulima wa Mungu, Horebu. Upepo ukapita, inchi ikatetemeka, moto ukawaka, lakini Bwana hakukuwa ndani yake. Kisha moto ikakuja sauti ndogo ya upole. Wandugu wetu wa Goma walikimbia moto wa Nyiragongo tarehe 17 Mwezi wa Kwanza 2002, tena tarehe 22 Mwezi wa Tano 2021, na watoto mugongoni. Mutu asiwaambie kwamba moto ule ulikuwa Mungu. Na sisi tunaopanda vilima kufunga na kuomba, tunafanya vizuri. Lakini si urefu wa kilima wala nguvu ya kelele inayomushusha Bwana.

Angalia sauti ile ilimwambia Eliya nini. Alikuwa amemwacha mutumishi wake Beer-Sheba, akaenda yeye peke yake, akalia: nimebaki mimi tu. Mungu hakumujengea nyumba juu ya mulima. Alimutuma ashuke, akamupa Elisha. Mutu aliyechoka alipewa mwenzake.

3. Wawili ni bora kuliko mumoja

Ol Doinyo Lengai unapandwa usiku, kwa sababu muchana jua ni kali na hakuna kivuli. Tulianza saa tano ya usiku, na kiongozi mumoja Mumasai. Kule juu mulima unasimama kama ukuta. Unapanda kwa mikono na miguu, na majivu yanateleza chini yako. Saa kumi, goti la ndugu yetu mumoja likakataa. Kiongozi akasema: imebaki kama saa moja, anaweza kukaa hapa, tutamukuta tukirudia. Ndugu mwenyewe akasema: muende, mimi nitaomba.

Kulikuwa giza, baridi na upepo. Tulitoka mbali sana, na juu tulikuwa tunapaona. Mukubwa wetu akasema tu: “Tulipanda wanne, tutashuka wanne.” Tukageuka. Mumoja alitangulia kushika miguu ya mugonjwa, wawili pembeni. Jua ilitukuta tungali tunashuka.

Watu wananiuliza: basi mulirudia bure? Ninajibu: tulirudia wanne.

Ninyi watu wa Kolwezi munaelewa neno hili kuliko Wamasai. Mutu anayeshuka ndani ya shimo, maisha yake iko katika mikono ya mwenzake aliyebaki juu na kamba. Tarehe 27 Mwezi wa Sita 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji karibu na muji wetu, zaidi ya watu 30 wakakufa. Majuma ya kwanza ya kilio, nyumba inajaa watu na nyimbo. Mwezi wa tatu, nani anapiga hodi kwa mujane? Na wewe uliyepata kazi nzuri na nyumba ya tole mupya, ule muliyechimba naye akikupigia simu, unajibu?

Paulo alishushwa usiku katika kikapu kupitia ukuta wa Damasko (Matendo 9:25). Biblia haikuandika majina ya waliokamata kamba. Lakini kama wangeiachilia, tungesoma barua zake wapi?

Basi juma hili, mbele ya kuomba kupanda, tafuta mutu mumoja ambaye goti lake limekataa. Si kumi, mumoja. Nenda kwake kwa miguu yako. Usipeleke mahubiri kwanza. Peleka unga, na ukae.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ulishuka kutoka juu kwa ajili yetu. Wakumbuke wanaoingia shimoni leo, na wajane, na wale tuliowaacha njiani. Utupe moyo wa kugeuka. Na siku ile tutakapofika kwako, tusifike peke yetu. Amina.